Yoga ya Ijumaa mu biro: inasaidia bantu ao inasaidia patro?

Tangu patro wetu aseme mu mukutano kama atatuletea kochi wa yoga kila Ijumaa saa sita, juu eti stresi imezidi mu kampuni, biro yote imegawanyika. Kuko benye banafurahi juu ni saa moja ya kutoka mbele ya ordinatere, habajali kama ni yoga ao ni kulala chini. Kuko benye pasta wao aliisha sema kama yoga ni mulango wa mashetani, na bale habatakanyaga pale hata kidogo. Na kuko mama mwenye anashika kese ya pesa, ule alitoa paka sentensi moja: "Baongeze mushahara, stresi itatoka yenyewe." Bantu balicheka, lakini sikusikia mwenye alimupinga.

Mi niko muntu wa kusoma-soma, njo maana nilikamata hiyo mabishano na kuanza kutafuta: kuchanganya mazoezi ya mwili na ya akili, inapunguza kweli stresi ya kazi, ao ni mambo ya kupendeza tu ya bantu benye hawana kazi ya kufanya? Jibu iko, na haiko vile patro anafikiri, na haiko vile mama wa kese anafikiri pia, ijapokuwa mama wa kese ndiye eko karibu nayo zaidi.

Kwanza niseme stresi ya kwetu iko namna gani, juu kila kazi iko na yake. Tunatumika mu ajansi ya tranzite hapa Lubumbashi, tunapitisha mizigo ku duane. Kamio iko Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, shofere anapiga simu asubuhi mapema anauliza dosie imefika wapi, klienti wa Kolwezi naye anapiga juu muzigo yake ni pyesi ya mashini na mashini imesimama, shefu anapita nyuma yako anaangalia ekra bila kusema kintu (ile ya kupita bila kusema inanichosha kuliko kelele), halafu katikati ya kuchapa deklarasio umeme unakatika, gurupu inachukua muda wake mbele ya kuwaka, konekisio nayo inarudi kwa hiari yake, na unaanza tena ukurasa wa kwanza. Ukikosea namba moja ni faini, na faini kila mara iko na jina la muntu.

Sasa siku moja angalia jirani yako wa meza saa ile konekisio inakatika. Usimuangalie uso, uso tunajua wote kuupanga. Angalia mabega: inapanda polepole paka karibu na masikio na inabaki kule. Taya imefungana. Kidole kinapiga souris hata kama ekra imeganda. Na kintu kimoja nilichukua muda kukiona: ule muntu hapumue. Anashika pumzi sawa muntu mwenye anapita chini ya maji, halafu inatoka kwa kishindo, halafu anashika tena. Hakuna mwenye alimufundisha. Mwili unafanya yenyewe.

Bantu ba sayansi baliisha eleza hii zamani. Walter Cannon wa Harvard, ku mwanzo wa karne ya 20, alionyesha vile mwili unajitayarisha kupigana ao kukimbia saa ya hatari. Mu 1936 Hans Selye, wa Montreal, aliandika barua fupi mu jarida Nature juu ya mapanya yake: hata uyatese kwa baridi, kwa upasuaji ao kwa kuyachosha, mwili ulikuwa unajibu kwa namna moja. Leo tunajua njia yenyewe: bubongo unatuma habari ku tezi ndogo zenye ziko juu ya figo, homoni ya adrenalini inatoka mbio-mbio, ingine ya kotisoli inafuata, moyo unaongeza mwendo, damu inaenda ku misuli, tumbo linaambiwa lingoje. Muntu mwenye alikimbia kweli, ile nguvu inapata pa kwenda. Muntu mwenye amekaa ku kiti eko na miguu yenye iko tayari kukimbia na vidole vyenye viko ku klavie, na hiyo inarudi mara mingi kwa siku, mwaka yote. Halafu anarudi ku nyumba, usingizi hauji, na banamwambia "wacha kuwaza". Sawa vile kuwaza iko na kitufe.

Ile njo kosa ya kutafuta dawa kwa upande moja tu. Wazo inasukuma mwili, ile kila muntu anakubali. Lakini mwili nao unasukuma wazo, na hii unaweza kuipima sasa hivi pale uko. Weka vidole viwili ku kifundo cha mukono, pale pa mushipa chini ya kidole gumba. Sikiliza mapigo. Vuta pumzi polepole, utasikia mapigo inaongeza mwendo kidogo. Sasa toa pumzi, murefu kuliko vile ulivuta: mapigo inapunguza mwendo. Kwa bantu bengi inasikika wazi, hasa kwa vijana. Ni neva moja inaitwa vagasi, inatoka ku bubongo inashuka paka ku moyo na ku tumbo, inashika breki saa unatoa pumzi. Muntu mukubwa mwenye amekaa anapumua kawaida mara 12 paka 20 kwa dakika. Ukishuka karibu mara 6, ile kupanda na kushuka ya mwendo wa moyo inakuwa kubwa zaidi, na hiyo njo alama bantu ba sayansi banapenda kuona. Huwezi kuamuru kotisoli ishuke. Pumzi unaweza kuamuru. Kwangu ile njo sababu ya kwanza ya kuamini mambo ya kuchanganya.

Sasa ushahidi. Programu yenye ilifungua hii njia mu hospitali ni ya Jon Kabat-Zinn, Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, 1979. Wiki 8, kikundi, na kazi ya kufanya ku nyumba. Bantu banafikiri ni kukaa na kufunga macho tu, hapana. Mu ile programu muliwekwa kukaa kimya kufuata pumzi, kulala na kupitisha akili mu kila sehemu ya mwili kuanzia vidole vya miguu, na kunyoosha mwili kwa yoga ya polepole. Ni kusema tangu siku ya kwanza ilikuwa mwili na akili pamoja. Ni makampuni njo yalikuja kukata ile ya mwili yakabakisha sauti ya dakika chache mu telefone, juu ile haiombe chumba wala saa ya kazi.

Mu kazi yenyewe, utafiti wenye napenda zaidi ulitoka 2012. Bafanyakazi 239 ba Aetna, kampuni ya asiransi ya Marekani, baligawanywa kwa bahati nasibu: bamoja yoga ya kupunguza stresi, yenye ilikuwa na kunyoosha mwili, pumzi na kutuliza akili pamoja, bengine mafunzo ya kutuliza akili saa ya kazi, bengine habakupewa kintu. Wiki 12. Makundi yote mbili ya mazoezi yalishusha stresi yenye bantu benyewe banasema banasikia, na usingizi ukakuwa muzuri kuliko wa bale ba pembeni. Na hata benye balifundishwa akili kwa intaneti balifaidika, habakuwa tu benye balikaa mu chumba na mwalimu. Ni utafiti wa kampuni moja, ya bantu benye balijitolea benyewe, kwa hiyo usiufanye Biblia, lakini bahati nasibu ndani yake inafanya niuamini kuliko ushuhuda wa muntu moja ku televizio.

Halafu kuko kazi kubwa ya Cochrane, bale benye kazi yao ni kukusanya tafiti za bengine na kuzipima. Mu 2023 balikusanya tafiti 117, bantu 11.119, wote ba mambo ya afya: banesi, badaktari na bengine. Baligawa njia kwa akili sana: zile zenye zinamwambia muntu aangalie stresi yenyewe, mawazo na hisia yake, zile zenye zinamutoa pale, sawa mazoezi ya mwili, kupumzisha misuli, masaji, na zile zenye zinachanganya. Walikuta nini? Kuangalia stresi inaweza kusaidia, kutoka mu stresi inaweza kusaidia, hizo mbili hata paka mwaka moja hivi. Kuchanganya nayo inaweza kusaidia mu miezi ya kwanza. Lakini "inaweza" ile ni yao, si yangu: uhakika wa ushahidi baliuweka chini, juu tafiti mingi ni ndogo, na bantu bengi balijua kama bako mu kundi la mazoezi, na ukijua unapewa dawa unajibu vizuri ku karatasi.

Na sasa kintu chenye patro hatapenda, ao kochi wake. Batafiti babili, Richardson na Rothstein, mu 2008 balipima majaribio 36 ya kupunguza stresi ku kazi. Njia yenye ilishinda ilikuwa ile ya kumufundisha muntu kubadilisha vile anafikiri na vile anafanya. Muzuri. Lakini balipoangalia ile njia ikiongezewa na bintu bingine juu yake, nguvu yake ilipungua! Kuongeza hakukuongeza. Ni sawa mama wa kuuza sombe mwenye anaona klienti anapenda, anaweka samaki, anaweka karanga, anaweka na nyama, na mwisho hakuna mwenye anajua anakula nini. Mi naona ni mambo ya muda: muntu wa biro eko na dakika kidogo, ukimupa mazoezi saba hatashika hata moja. Kwa hiyo saa banasema "kuchanganya mwili na akili" mi nasikia mbili tu: moja ya mwili, moja ya akili, zenye zinashikana, na zirudiwe kila siku paka ziwe desturi. Pumzi ya murefu iko nzuri hapa juu yenyewe ni mwili na akili kwa mara moja. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, balijaribu mu 2023, dakika 5 kwa siku kwa mwezi moja: benye balifanya pumzi ya kutoa murefu, ile ya kuvuta mara mbili na kuachia polepole, furaha yao ilipanda kuliko ya benye balikaa tu kuangalia pumzi yao bila kuibadilisha. Dakika 5!

Tukuje ku mambo ya pasta, juu hapa Lubumbashi huwezi kuiruka. Sitaki kumubishia muntu imani yake, na yoga kweli ilizaliwa mu dini ya India, ile hakuna mwenye anaficha. Lakini mwili hauulize jina. Mu 2001 bantu ba Italia, kikundi cha Luciano Bernardi, balichukua bantu 23 bazima, balibasomesha rozari, Salamu Maria mu Kilatini, na saa ingine mantra, ni kusema maneno ya yoga ya kurudia-rudia. Zote mbili zilishusha pumzi paka karibu mara 6 kwa dakika, na moyo ulijibu namna moja. Mukatoliki wa zamani alikuwa anafanya mazoezi ya neva ya vagasi na shanga mu mukono bila kujua. Na Herbert Benson wa Harvard, tangu 1975, alikuwa anafundisha bantu kutulia kwa kurudia neno moja na pumzi, na alikuwa anaambia kila muntu achague neno la imani yake. Mwenye hataki kabisa, kuko ile ya Edmund Jacobson, daktari wa Chicago, ya kukaza misuli na kuiachia moja-moja, haina dini wala wimbo. Na bale ba kwaya ya Jumamosi, mi nacheka kidogo bakisema hawana muda wa mazoezi ya pumzi, juu kuimba sauti ndefu ni nini ingine?

Kuko bengine banasema hizi ni bintu ya bantu benye banalala vizuri na banakula vizuri, kwetu haiwezi. Basi waangalie Uganda, si mbali. Mu kambi ya Rhino, wanawake 694 bakimbizi ba Sudani Kusini, vijiji 14, balifuata mafunzo ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ya mara 5, sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, mu vikundi vikubwa, na bale ba kusaidia habakuwa badaktari ba akili. Ndani mulikuwa mazoezi ya kurudisha akili pale uko na kusikiliza mwili na pumzi. Matokeo yalitoka 2020: miezi tatu kisha, uchungu wa moyo wao ulikuwa umepungua kuliko wa bale ba vijiji vya kulinganisha. Si stresi ya biro, ni mateso makubwa kuliko yetu, lakini inaonyesha kama haiombe mukeka wa bei wala mwalimu wa kutoka ngambo.

Sasa mama wa kese. William Fleming, mutafiti wa Oxford, alitoa utafiti mu 2024, bafanyakazi 46.336 ba makampuni 233 ya Uingereza, aliangalia benye balifuata programu za kampuni, zile za kutuliza akili, za "kuwa na moyo wa kuvumilia", za telefone, akawalinganisha na benye habakufuata. Habakuwa bazuri kuliko bengine. Muntu anaweza kusema, pengine benye banaenda ku programu njo bale balikuwa na stresi zaidi tangu mwanzo, na utafiti haukugawa bantu kwa bahati nasibu, ni kweli. Lakini inanyamazisha wale benye banafikiri unaweka kochi na kazi imeisha. Robert Karasek, mutafiti wa mambo ya kazi, alisema tangu 1979: kazi yenye inakamua muntu ni ile yenye inaomba mingi na haimupe nguvu ya kuamua kintu. Soma tena vile nilieleza siku yetu ya tranzite, ni ile ile. Na mu 2022 WHO walipotoa maelekezo yao juu ya afya ya akili ku kazi, habakuweka tu mafunzo ya mufanyakazi mwenyewe. Baliomba pia kazi yenyewe ipangwe upya na bashefu bafundishwe.

Na kuko kintu kuhusu ile Aetna bengi habakitaje. Patro wao wa wakati ule, Mark Bertolini, alianza mambo ya yoga kisha yeye mwenyewe kuumia vibaya ku mchezo wa theluji mu 2004. Aliileta mu kampuni, sawa. Lakini mu 2015 alipandisha mushahara wa chini mu kampuni paka dola 16 kwa saa. Mukeka na mushahara. Hii niliisomea mama wa kese kwa sauti, akaniambia niichape na niibandike ku mulango wa shefu (sikuibandika, niko na bana ba kulisha).

Kwetu tulianza bila kungoja kochi. Asubuhi, mbele ya simu za Kasumbalesa kuanza kumiminika, bamoja betu tunasimama nyuma ya viti, tunapandisha mabega paka masikio kwa makusudi, tunakaza, tunaachia, halafu pumzi za murefu, halafu muntu anazunguka parsele mara moja na miguu yake. Sentineli alifikiri tunaomba. Inanisaidia? Mabega ndiyo, na hasira ya kujibu simu imepungua, usingizi sijaona tofauti. Lakini kintu chenye kilileta amani kuliko yote, nasema kweli, ni shefu kukubali kama simu za mashofere zipite kwa muntu moja, kwa zamu, na bengine bachape deklarasio bila kukatizwa. Hiyo haikuomba pesa hata franga moja.

Kwa hiyo kama nitaulizwa mu mukutano wenye unakuja, nitasema kochi akuje, lakini hapana Ijumaa saa sita. Ile njo saa kila klienti anataka kamio ipite mbele ya wikendi. Ukimulaza muntu ku mukeka saa ile, telefone yake inatetemeka pembeni ya sikio na anahesabu simu zenye hajajibu. Jumanne ao Jumatano asubuhi, dakika kidogo, mu saa ya kazi yenye inalipwa, na asiyetaka asiandikwe jina. Na zamu ya simu ibaki hata kama kochi ameisha kuondoka.

Jambo moja kwa mwenye ataanza leo peke yake: usivute pumzi kubwa mbio-mbio, ile inaleta kizunguzungu na vidole kuwasha, polepole njo yenyewe. Mwenye eko na asma ao moyo wake unamusumbua aongee na daktari kwanza. Na kuko bantu, hasa benye balipita mu mambo mazito, kufunga macho na kukaa kimya kunawarudishia picha zenye hawataki; ule afungue macho, asimame, atembee, akamate upande wa mwili kwanza, na kama picha zinaendelea kukuja atafute muntu wa kazi ya kusikiliza, hapana kochi wa Ijumaa.